Nchi Iliyompenda Mume Wangu

Nilikuwa napiga mashine ya kuandika kwa balozi mdogo wa nchi ndogo, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Nchi yenyewe siitaji. Ukisimama mtaa wa Muhumba mjini Bukavu ukatazama ng'ambo ya mto Ruzizi utaiona: vilima vyake vimelimwa mpaka kileleni, hakuna hata pa kufungia mbuzi. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya zamani ya Mbelgiji mmoja, yenye roshani inayoangalia barabara na mlingoti wa bendera mbele yake. Balozi wa kwanza niliyemkuta alikuwa mtu wa kusinzia. Bendera ilipandishwa na mkata majani saa yoyote aliyoikumbuka, na siku za mvua haikupanda kabisa. Hakuna aliyeijali, na sisi tulikaa salama.

Kisha, mwaka wa themanini na mbili, wakamleta Monsieur Aloys.

Huyo hakujua kukaa. Alisoma huku anatembea, akanywa chai amesimama, akaongea na simu huku anazunguka meza mpaka waya ukamfunga miguu. Alikuwa na moyo mzuri, nisimsingizie. Aliniuliza habari za watoto kila asubuhi na alisubiri jibu. Lakini alikuja na sera, na mtu mwenye sera ni mtu wa kuogopwa kuliko mwenye bunduki, maana mwenye bunduki hulala.

Siku ya kwanza alinikalisha kitini akanieleza mambo ya nchi yake kana kwamba mimi ndiye waziri wake.

"Madame Cibalonza, sisi tuko inchi ya kidogo. Zaïre iko kubwa sana. Kivu peke yake inatupita. Hatuombe hata kilima moja. Ile mambo wazee wanasemaka, ya bafalme ya zamani na mipaka yabo, tunaachia wazee. Sisi tunataka tu kujua: hapa Kivu, nani anatuangalia na jicho muzuri? Tunaandika, tunanyamaza, tunangoja."

"Munangoja nini, Monsieur le Consul?"

"Madame, inchi ya kidogo inangojaka tu."

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mume wangu, tukacheka mpaka watoto wakatutazama. Mume wangu ni Évariste. Hilo lilikuwa jina la ndani ya nyumba, kwa sababu enzi zile majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Nje aliitwa citoyen Sebahinzi, yaani raia Sebahinzi, mwalimu wa jiografia. Babu yake alitoka ng'ambo wakati wa Wabelgiji, akaja kulima chai upande wa Bunyakiri. Baba yake alizaliwa huko, naye Évariste alizaliwa huko huko, na ng'ambo hakuwahi kuikanyaga hata kwa kwenda kunywa bia. Ila jina lilikuwa limebaki kama lilivyotoka. Na mwaka uliotangulia, Kinshasa walikuwa wametoa sheria mpya ya uraia: watu wa asili kama yake ilibidi waonyeshe upya kwamba ni Wazaïre. Waonyeshe kwa nani, na kwa kitu gani, hatukuambiwa.

Nyumbani hatukulizungumza. Ila Évariste alirudia sigara alizokuwa ameziacha, akawa anatoka uani, anarudi, anatoka tena. Nikimuuliza ananiambia anaangalia kama mvua inakuja. Bukavu mvua inakuja kila siku, haihitaji mtu wa kuiangalia. Nilijua ana hofu, na mimi nilikuwa nayo.

Ambaye hakuishi Zaïre miaka ile inabidi nimweleze jambo moja. Kila asubuhi, bendera ya taifa ilipopandishwa kwenye ofisi za serikali, askari jandarme alipuliza filimbi, na kila kilichokuwa barabarani kilisimama. Gari lilisimama, baiskeli ilisimama, mama mwenye beseni la dagaa wa sambaza kichwani alisimama, hata mlevi alijitahidi. Hukujikuna pua. Aliyeendelea kutembea alichapwa, au alishinda siku nzima akifyeka majani kwenye ofisi ya zone, yaani ya wilaya. Baada ya miaka kumi ya adabu hiyo, miguu yetu ilisikia filimbi kabla ya kichwa. Shangazi yangu aliwahi kusimama wima katikati ya soko la Kadutu kwa filimbi ya mwamuzi wa mpira, na wauza mihogo wote wakasimama naye.

Sasa Monsieur Aloys akaamua kwamba bendera ya nchi yake ipandishwe kwa heshima. Akamnunulia mlinzi glavu nyeupe, na akamnunulia filimbi.

"Monsieur le Consul," nilimwambia, "glavu sawa. Lakini filimbi, hapana."

"Juu ya nini?"

"Hapa Bukavu filimbi ni ya Leta, ya serikali."

"Na sisi tuko Leta, Madame," akasema, na uso wake ukaonyesha kwamba nimemgusa pabaya.

Kesho yake, saa moja na robo, nilikuwa dirishani nikivua koti. Barabara ilikuwa imejaa: wanafunzi, akina mama wa Muhumba wakienda sokoni, mapadri wawili kwenye pikipiki moja. Jeep ya buluu ya Komisa wa zone ilikuwa inateremka kwenda ofisini, naye mwenyewe ndani, suti yake ya abacost imefungwa mpaka kooni. Évariste alikuwa anapita kwenda shule na ramani yake ya Afrika imekunjwa chini ya kwapa. Mlinzi akavuta kamba, akapuliza filimbi.

Barabara yote ikasimama.

Nasema yote. Jeep ilifunga breki mpaka nikasikia harufu ya mpira, na Komisa akanyooka ndani ya kiti chake, mikono kwenye mapaja. Évariste, ambaye ni mwalimu na hufanya kila jambo kama kuna mwanafunzi anamwangalia, alivua kofia, akageukia mlingoti, akabana ramani ubavuni. Walikaa hivyo mpaka bendera ilipofika juu. Ndipo watu walipoinua macho wakaona rangi si zile. Waliondoka haraka, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Nikacheka peke yangu pale dirishani. Kisha nikasikia mtu anapenga kamasi. Monsieur Aloys alikuwa kwenye roshani, machozi yanamtoka.

"Umeona, Madame? Umeona batu ya Kivu?"

"Monsieur le Consul, ile ni filimbi. Batu ya hapa wakisikia filimbi wanasimama. Hata ungepandisha shuka."

"Madame, usiniharibie asubuhi."

Siku ile ile alituma ujumbe mji mkuu wake, akautamka kwa sauti huku anazunguka na mimi napiga mashine: kwamba wakazi wa Kivu, wa kila kabila na kila kazi, wakiwemo wakubwa wa serikali, walisimama kwa hiari yao mbele ya bendera yetu. Huko ng'ambo walifurahi vibaya sana. Walimpongeza. Mtu aliyekuwa ametumwa Bukavu kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka akawa ghafla ni mtu anayeelewa Kivu. Alitununulia bia ofisi nzima, na mlinzi akapewa glavu za pili.

Lakini barabara nayo ina mdomo. Jioni ile ile mji wote ulikuwa unasema kwamba watu wa Muhumba wamepigia saluti bendera ya jirani. Wiki haikuisha, swali likateremka kutoka juu mpaka kwa Komisa: nani aliwaongoza? Komisa hakuweza kujibu kwamba ilikuwa filimbi tu, kwa sababu angeulizwa amejuaje, na angelazimika kusema alikuwa wapi. Ilibidi apatikane mtu. Na ukitafuta mtu mwenye kofia mkononi, ramani kwapani na jina la ng'ambo, huhitaji kutafuta mbali.

Wakamchukua Évariste darasani, mbele ya wanafunzi. Jioni wakamrudisha, akiwa amesimama kutwa kwenye korido bila maji. Alikaa kitandani akanieleza polepole, kama anaeleza somo. Alhamisi ataitwa kwenye ofisi ya zone. Kosa lake ni kuwaongoza raia kuheshimu bendera ya kigeni, na kosa lenyewe ndilo ushahidi kwamba yeye ni mgeni. Na mgeni anayevuruga watu anavushwa.

"Anavushwa wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ng'ambo, Cibalonza. Wanasema nirudi kwetu."

Alicheka kidogo, kisha akatoka uani kuangalia mvua. Nilimwona mgongo wake kwenye mlango. Kaka zangu walio kijijini Miti walikuwa wameshasikia. Walituma neno kwamba kama mambo yatakuwa mabaya, nichukue watoto nirudi nyumbani kwa baba. Hawakumtaja Évariste.

Nilijua dawa ilikuwa moja. Balozi aje pale mbele ya Komisa aseme sentensi moja tu: filimbi ilikuwa yangu, watu walikosea, mtu huyu si wangu. Basi. Mambo yangekwisha, Komisa mwenyewe angepumua. Asubuhi nilimfuata Monsieur Aloys nikamwambia hivyo, bila kuzunguka.

Yeye ndiye aliyezunguka. Alikwenda dirishani, akarudi, akafungua droo akaifunga.

"Madame, mimi niliandika kwamba walisimama na roho yabo. Leo niseme ilikuwa filimbi? Kule juu wataniuliza niko nafanya kazi gani huku."

"Basi usiseme ya filimbi. Sema tu, huyu mwalimu si mutu wenu."

Akasimama. Nilimwona amekasirika kwa kweli, na hasira yenyewe ilikuwa ya mapenzi.

"Mutu alitoa kofia mbele ya bendera yetu, mimi nimukane? Hapana, Madame. Hiyo haiwezekane. Sisi tunamupenda."

"Kama munamupenda, mumupokee. Wakimuvusha, mumupatie nyumba na kazi."

"Ah, hiyo nayo..." Akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza namwona amekaa. "Kule juu banasema fasi hakuna. Inchi ilijaa. Leo anavuka mwalimu moja, kesho wanavuka elfu, na sisi tutawaweka wapi? Ndiyo politique yetu, Madame. Hatutupe mutu, na hatupokee mutu."

"Sasa yeye akae wapi? Mu mayi ya Ruzizi?"

"Nitakuja Alhamisi," akasema akinishika mkono. "Nitasema neno muzuri. Utaona."

Nilirudi nyumbani sijui nifurahi au nilie. Évariste aliuliza, "Alikubali?" Nikamwambia atakuja. Alipiga pasi shati mwenyewe, akaipiga tena.

Alhamisi ofisi ya zone ilikuwa na joto na ukungu wa sigara. Komisa alikaa nyuma ya meza, jandarme wawili mlangoni, Monsieur Aloys kwenye kiti cha wageni na suti yake nzuri. Évariste alisimama. Mimi niliruhusiwa kukaa kwenye benchi kwa sababu ni mfanyakazi wa balozi, na pia kwa sababu nilikataa kutoka.

"Citoyen Sebahinzi," akaanza Komisa. "Sijue hata kama nikuite citoyen."

"Citoyen Komisa, nilisikia filimbi, nikasimama," Évariste akasema. "Ni hiyo tu. Kila mutu alisimama."

"Kila mutu, nani?"

Évariste akarekebisha kola ya shati. Alikuwa ameiona jeep, kama sisi sote tulivyoiona. Komisa alimtazama bila kupepesa. Mimi Mungu hakunipa breki.

"Hata jeep moja ya bleu ilisimama," nikasema kutoka kwenye benchi.

Jandarme mmoja akakohoa. Komisa akageuza shingo taratibu mpaka macho yake yakanifika.

"Citoyenne, mu Bukavu jeep za bleu ziko mingi. Unataka kutuonyesha ni ya nani?"

Niliwafikiria watoto. Nikatazama sakafu, na nilijichukia kwa kuitazama.

"Asiwepo wa kusema tena mambo ya jeep," Komisa akasema. Akamgeukia balozi kwa heshima zote. "Monsieur le Consul, utusaidie. Huyu mutu, ni wenu?"

Monsieur Aloys akasimama, akafunga kifungo cha koti. Najua alikuwa amejiandaa; midomo yake ilikuwa ikijisemea tangu asubuhi.

"Citoyen Komisa, inchi yangu inaheshimu Zaïre. Inchi yangu haiingiake mu mambo ya jirani. Na inchi yangu inapenda wote wanaoipenda. Na huyu mwalimu, inamupenda."

Évariste alifumba macho.

"Munamupenda?" Komisa akauliza.

"Tunamupenda."

"Vizuri. Basi mumubebe."

Nilimwona balozi akiitafuta sera yake kama mtu anayetafuta funguo mifukoni.

"Citoyen Komisa," akasema, "tunamupenda akiwa hapa."

Jandarme walicheka waziwazi. Komisa naye alitabasamu, na kwa mara ya kwanza mabega yake yakashuka. Alikuwa amepata alichokitaka, tena kwa mdomo wa mwingine.

"Hapa Zaïre hatuna kazi na mutu mwenye kupendwa na inchi ingine. Samedi, nyuma ya salongo, avuke."

Tulipotoka Monsieur Aloys alinikimbilia uwanjani, ananitazama usoni kama mtoto aliyemaliza shairi mbele ya wageni. "Umeona, Madame? Sikumukana." Nilitaka kumpiga kofi. Ninaweza kumsamehe adui, anafanya kazi yake. Yule alikuwa amemmaliza mume wangu kwa neno zuri, na alikuwa anangoja nimshukuru.

Jumamosi, watu walipomaliza kufagia barabara kwa salongo, ile kazi ya lazima ya kila wiki, jandarme mmoja alikuja kutuchukua. Mapendo, binti yetu mkubwa, alikuwa amemfungia baba yake mihogo na samaki ndani ya jani. Aliuliza kama ng'ambo kuna shule. Évariste akamwambia ziko. Nilivaa kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza nikasema nakwenda naye mpaka darajani, nikajua moyoni kwamba sitaishia darajani. Majirani walikuwa wamesimama kwenye milango yao na mafagio mkononi. Wengi walikuwa wamesimama pia asubuhi ile ya filimbi. Mmoja tu ndiye aliyesema kwaheri.

Kwenye kizuizi cha Ruzizi, askari wetu walichukua kitambulisho cha Évariste wakakiweka mezani, wakatuonyesha daraja. Maji yalikuwa mengi, yananguruma chini ya mbao. Tulivuka. Upande wa pili kulikuwa na ofisa kijana, safi, amenyoa vizuri. Évariste alimsalimia kwa kilugha cha bibi yake, na kijana akatabasamu kwa jinsi kilivyotamkwa kizamani. Kisha wakarudi kwenye Kiswahili.

"Papa, karatasi?"

"Walibakia nayo kule."

"Consulat yetu ya Bukavu haikukupatia laissez-passer, karatasi ya kuvuka?"

"Hapana. Lakini consul wenu alisema munanipenda."

Kijana akacheka, ila hakuwa na ubaya. "Papa, hata mimi nakupenda. Lakini kule juu banasema fasi hakuna. Urudie."

Tukageuka. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa. Kwenye kizuizi chetu, askari yule yule aliyetupitisha alinyoosha mkono.

"Mama anaweza kupita. Yeye, visa iko wapi?"

"Visa ya nini?" Évariste akasema. "Nimetoka sasa hivi. Uliniona!"

"Nilikuona ukitoka. Kuingia ni ingine."

Nilipiga kelele. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Mashi, lugha ya kwetu, nikamtaja mama yake. Hakukasirika hata. Mvua ilipozidi aliingia chini ya bati na wenzake, akatuacha nje ya kile kizuizi. Tukarudi nyuma mpaka katikati ya daraja, kwa sababu kila upande walitufukuza na katikati hakukuwa na wa kutufukuza. Mvua ilipiga mpaka sikuziona tena pande zote mbili.

"Miaka yote nimefundisha watoto kwamba mpaka ni mstari," Évariste akasema. "Nikawaambia hauna upana."

"Nyamaza na jiografia yako!"

"Rudi nyumbani, Cibalonza. Wewe una karatasi. Saa kumi na mbili wanafunga."

"Na wewe?"

Aliangalia maji, na jinsi alivyoyaangalia kuliniogopesha kuliko kila kitu tangu mambo haya yaanze. Nikamshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, kama mtoto anayetaka kukimbia.

Ndipo taa za gari zikatokea kutoka ng'ambo. Ilikuwa Peugeot nyeusi yenye namba za kibalozi. Monsieur Aloys alikuwa anarudi kutoka chakula cha mchana kwa wakubwa wake. Gari likapunguza mwendo, kioo kikashuka vidole viwili.

"Madame? Mwalimu? Bado muko hapa?"

Alishangaa kweli. Nadhani kichwani mwake, lile neno zuri lilikuwa limemaliza kila kitu. Nilifungua mlango wa nyuma, nikamsukuma Évariste ndani kwa kichwa, sakafuni, kati ya viti.

"Madame, unafanya nini?"

"Munamupenda? Leo mumupende na gari."

Nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa karibu naye na maji yananitiririka kwenye viti vyake. Dereva alitutazama kwenye kioo akingoja amri. Monsieur Aloys alifungua mdomo, akaufunga. Aligeukia dirishani, upande ambao hakukuwa na cha kuona ila mvua, akabaki hivyo. Hakusema ndiyo na hakusema hapana. Kisha akakohoa, na dereva akakichukua kile kikohozi kuwa ndiyo, akaondoa gari.

Évariste ni mtu mrefu. Mgongo wake ulionekana. Nilifungua kitenge cha juu nikamfunika, lakini bado ilionekana ni mtu. Ikabaki njia moja. Nilimwekea miguu juu, na viatu vyangu vya matope, kama mwanamke aliyeweka miguu kwenye mzigo wake. Kwetu mke hamruki mume wake aliyelala, sembuse kumkanyaga. Nilisikia mbavu zake zikipanda na kushuka chini ya nyayo zangu. "Kanyaga," akasema kwa sauti ndogo. "Kanyaga vizuri." Nikakanyaga.

Askari alitoka chini ya bati, koti limefunika kichwa, akainamia kioo. Akanitambua.

"Mama wa matusi! Na ule mwanaume?"

"Walimupokea," nikasema.

"Ni kweli?" Alikuwa anamuuliza balozi. "Patron, mulimupokea?"

Nilimtazama Monsieur Aloys. Mtu yule ambaye mbele ya Komisa, mbele ya sheria, alishindwa kusema sentensi moja ya kweli, sasa alitakiwa aseme sentensi moja ya uongo. Chini ya miguu yangu Évariste aliacha kupumua.

"Tulimupokea," balozi akasema. "Ni mutu wetu."

"Ah, bon. Mungu akubariki, Patron. Nilikuwa namuhurumia."

Akainua kizuizi, akapiga saluti. Tukapita.

Niliondoa miguu tulipopita soko dogo la Nyawera, na Évariste hakuinuka. Alibaki amelala vile vile mpaka gari liliposimama kwenye kona ya mtaa wetu. Monsieur Aloys alikuwa bado anatazama nje. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakunyeshewa.

"Madame," akasema, "hamukupanda hii gari."

"Hatukupanda."

"Lundi, saa ya kazi, kama kawaida," akasema, kana kwamba Jumatatu ilikuwa bado ya kazi.

"Lundi mutafute mutu mwingine wa kupiga mashine, Monsieur le Consul."

Tulipita nyuma ya nyumba, kwa njia ya uani, ili majirani wasimwone. Hapo ndipo nilipoelewa hesabu yote. Kwa Komisa, mume wangu alikuwa amevuka. Kwa askari wa darajani, amepokelewa. Kwa yule ofisa kijana, amerudishwa. Kitambulisho chake kilikuwa kwenye meza ya kizuizi; kwa karatasi hakuwepo upande wowote. Ndani ya nyumba nilimvua shati lililolowa, na mgongoni kulikuwa na matope ya viatu vyangu, wazi kabisa, kulia na kushoto. Nilichukua kitambaa nikaanza kuyafuta, akanishika mkono akasema niache.

Mapendo alitoka jikoni mbio, akasimama ghafla alipomwona. Alimkumbatia kiunoni bila kujali maji.

"Papa! Kule ng'ambo iko namna gani?"

"Sijue, mutoto yangu," Évariste akasema. "Sikufika."

Mapendo akafikiri kidogo. Nilimwona uso wake ukichangamka.

"Basi lundi utaenda ku masomo?"

Évariste alinigeukia ili mimi nimjibu mtoto. Na mimi, ambaye mji mzima unanijua kwa mdomo, nilikwenda na kitambaa mkononi nikafunga mlango wa uani kwa komeo.